Umepigwa tochi? Namna ya kuhakiki kipimo kabla hujalipa au kukataa

Trafiki anakunyooshea simu. Kwenye kioo kuna picha ya gari lako na namba 67 pembeni, na hapo ulipopita ni eneo la 50. Madereva wengi huchagua moja kati ya mawili papo hapo: kuomba msamaha, au kusema tochi, yaani kifaa cha kupima spidi, ni mbovu. Ukweli ni kwamba tochi iliyohakikiwa na kushikwa na mtu aliyefundishwa hupima spidi vizuri kuliko mshale wa dashibodi yako. Ukitafuta kosa, usianze kwa kubishania ile namba. Anza kuuliza ni ya gari lipi, na gari hilo lilikuwa wapi lilipopimwa. Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi yamo ndani ya picha yenyewe, ila watu hawaisomi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa dereva wa Tanzania, kwa sababu huku tochi ya mkononi ndiyo inayokamata wengi. Ufundi wake ni uleule popote unapoendesha.

Hatua ya 1: Jua umepimwa na kifaa gani

Sisi tunaita vyote "tochi", lakini kuna rada na kuna leza, na kila kimoja kina namna yake ya kukosea.

Rada hurusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalokuja yanarudi yakiwa yamebanana kidogo, na kifaa hupima tofauti hiyo. Rada ya masafa ya 24.15 GHz hupata tofauti ya mitikisiko 45 hivi kwa sekunde kwa kila kilomita moja ya spidi, hivyo kuihesabu si tatizo. Tatizo la rada ni upana. Mwali wake hufunguka jinsi unavyokwenda mbali: mwali wa nyuzi 12, ambao ni wa kawaida, ukifika mita 100 una upana wa mita 21. Hiyo ni barabara nzima pamoja na pembezoni. Rada inaweza kukuambia kwa usahihi kabisa kwamba kuna kitu kinakwenda kilomita 92 kwa saa, lakini yenyewe haikuonyeshi ni kipi.

Leza ndiyo inayoshikwa kama bastola au kamera nene na kulengwa kwa darubini. Inarusha mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho na kupima muda wa kila pigo kwenda na kurudi. Kutokana na muda huo inapata umbali, na umbali ukipungua kutoka pigo hadi pigo inapata spidi, yote ndani ya kama theluthi moja ya sekunde. Mwali wake ni mwembamba: kwa vifaa vingi ni kama sentimita 30 ukiwa mita 100, sentimita 90 ukiwa mita 300. Ndiyo maana leza inaweza kuchagua gari moja katikati ya msururu. Lakini endelea na hesabu hiyo: kwenye mita 600 mwali una upana wa mita 1.8, unaokaribia upana wa gari dogo zima.

Kamera za kudumu zilizofungwa kwenye nguzo ni kundi la tatu. Madereva wa malori wanaovuka Rusumo kwenda Kigali wanazijua vizuri. Rwanda wamezipa jina la "Sofia", na faini inakukuta kwenye simu kwa ujumbe mfupi. Nyingine, zilizozoeleka Ulaya, hupiga picha mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara na kugawanya umbali kwa muda. Hizo ni ngumu sana kuzikosoa, kwa sababu umbali haubadiliki na saa ni saa.

Hatua ya 2: Omba kuona picha, kisha isome

Simama pembeni salama, washa taa za hatari, shusha kioo, salimia. Kisha sema tu: "Afande, naomba niione picha vizuri." Si ubishi, na trafiki anayefanya kazi yake sawasawa hana sababu ya kukunyima.

Kwenye picha ya leza yenye kamera, pembeni kwa kawaida kuna tarehe, saa, spidi, kikomo kilichowekwa, umbali kwa mita, namba ya kifaa na mara nyingi mahali kwa GPS. Katikati kuna alama ya msalaba au kiduara, inayoonyesha kifaa kililenga wapi. Tazama vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, msalaba uko wapi. Unatakiwa uwe juu ya gari lako, na mahali pazuri zaidi ni kwenye namba za gari au uso wa mbele, kwa kuwa namba zinarudisha mwanga vizuri. Kama msalaba umetua kwenye uwazi kati ya bega la Toyota IST yako na basi lililo nyuma yako likitaka kukupita, hiyo namba 67 huenda ni ya basi.

Pili, namba za gari. Picha ya umbali mrefu ina vumbi na mvuke wa lami ndani yake. B na 8 hufanana, D na 0 hufanana. Kama hazisomeki, picha haijathibitisha ni gari lako, hata kama rangi ni ileile. IST za rangi ya fedha ni nyingi mno.

Tatu, umbali. Hapa ndipo pana utajiri wote, na nitarudi kwenye Hatua ya 4.

Ukiruhusiwa, piga picha ya hiyo picha kwa simu yako. Usiporuhusiwa, andika palepale: saa, spidi, umbali, mahali uliposimamishwa. Baada ya kilomita 200 hutakumbuka kama ilikuwa 412 au 214.

Hatua ya 3: Namba ni ya gari lipi?

Kwa rada, fikiria nani alikuwa karibu nawe. Rada husikiliza mwangwi wenye nguvu, na bati kubwa lina mwangwi mkubwa. Semi-trela inayokuja kasi mita 80 nyuma ya gari dogo inaweza kushinda mwangwi wa gari dogo. Afisa aliyefundishwa hukadiria kwanza kwa macho gari gani linakwenda kasi, kisha anasikiliza mlio wa kifaa, ndipo anaamua. Bila hayo, anabahatisha.

Marekani walilipata somo hili hadharani mwaka 1979. Kituo cha televisheni cha Miami kilionyesha rada ya polisi ikisoma mti unaokwenda maili 86 kwa saa, ambazo ni kilomita 138, na nyumba inayokwenda maili 28. Jaji wa Florida aliyekuwa na rundo la kesi za spidi mezani alikataa ushahidi wa rada katika kesi hizo. Mti haukuwa na kosa, na mawimbi hayakuwa na kosa. Kifaa kilikuwa kimepokea mwangwi wa kitu kingine, na aliyekishika hakuweza kutofautisha. Mafunzo ya waendeshaji na viwango vya vifaa viliboreshwa baada ya fedheha hiyo.

Kwa leza, kosa la kulichunguza ni mkono kuteleza. Tuseme afisa ameanza kupima kwenye boneti, mkono ukasogea, mapigo ya mwisho yakagonga kioo cha mbele kilicho mita moja nyuma zaidi. Mita moja ndani ya sekunde 0.3 ni kosa la kilomita 12 kwa saa. Ukitelezea nyuma, spidi inapungua na wewe unafaidika. Ukitelezea mbele, inaongezeka. Vifaa vizuri hulinganisha mapigo yote, na yasipofuata mstari mmoja vinatoa alama ya kosa badala ya spidi. Kinga hiyo inafanya kazi mara nyingi, na ndiyo maana sikushauri uanzie hapa. Itaje tu kama picha inaonyesha msalaba uko ubavuni mwa gari refu, au pembeni kabisa mwa gari lako.

Kuhusu pembe: trafiki akisimama mbali na barabara akakupima kwa pembe, kipimo kinakuwa chini ya spidi yako halisi. Gari la kilomita 80 likipimwa kwa pembe ya nyuzi 20 linasomeka 75. Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba "alinipiga kwa pembeni" analalamikia kitu kilichomsaidia.

Kamera za kudumu nazo hukosea. Baltimore, Marekani, ilizima kamera zake za spidi mwaka 2013 baada ya gazeti la jiji kufichua faini za ajabu. Gari moja lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu, taa za breki zinawaka na zinaonekana kwenye video ya kamera yenyewe, lakini likaandikiwa maili 38 kwa saa katika eneo la 25. Ukaguzi uliokuja kujulikana mwaka 2014 ulionyesha makosa ya zaidi ya asilimia 10. Faini hizo zilikuwa zimepitishwa na binadamu kabla ya kutumwa. Mtu aliweka sahihi bila kutazama picha, na hilo linanikera kuliko kosa la mashine.

Hatua ya 4: Ulikuwa wapi ulipopimwa?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na malori makubwa hata nje ya makazi. Hivyo kwa gari dogo, mpaka kati ya kosa na halali ni kibao. Barabara ya Segera kwenda Moshi unapita Korogwe, Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, na kila penye watu kuna kibao cha kuingia 50 na kingine cha kutoka.

Sasa chukua ule umbali wa kwenye picha. Unahesabiwa kutoka alipo mwenye tochi hadi lilipokuwa gari lako. Tuseme unaingia kijijini, umepigwa kutoka mbele, na picha inasema mita 430. Mwenye tochi alikuwa chini ya mwembe, mita 300 ndani ya kibao cha 50. Basi ulipopimwa ulikuwa mita 130 kabla ya kibao. Spidi ni sahihi, gari ni lako, lakini kosa halipo.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukisema "nilikuwa nimeshatoka kijijini" na picha ya nyuma inaonyesha mita 90 tu kutoka kwa afisa aliyesimama katikati ya nyumba, hesabu imekuumbua. Lipa.

Ugumu ni kwamba anayekuonyesha simu siye aliyekupiga. Mwenye tochi yuko nyuma kilomita mbili, amemtumia mwenzake picha kwa WhatsApp. Uliza kwa heshima: "Afande, mwenzako alikuwa amesimama wapi?" Picha ikiwa na GPS, tafuta pointi hiyo kwenye ramani ya simu. Kisha, kama una nafasi na ni salama, rudi ukatazame kibao. Pima umbali kwa mita ya safari ya gari au kwa ramani. Piga picha kibao kutoka upande wa dereva: kimeanguka? kimefunikwa na majani? kimegeuka? Picha zenye tarehe ya siku ileile zina uzito. Za wiki mbili baadaye zinaacha nafasi ya kuambiwa kwamba kibao kimeanguka juzi.

Hatua ya 5: Piga hesabu yako mwenyewe

"Mshale ulikuwa 50" ni utetezi dhaifu kuliko unavyodhani, na wakati mwingine ni utetezi mzuri. Kanuni ya kimataifa ya spidomita, namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inataka mshale usionyeshe kamwe spidi ndogo kuliko ya kweli, unaruhusiwa kuzidisha. Kwa hiyo gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, mshale ukisema 50 huenda unakwenda 46 au 47, na tochi ikisema 58 pana jambo la kuhoji.

Lakini umebadilisha tairi? Gari lililotoka na 195/65R15 likivishwa 205/70R15 ili liinuke kidogo, mzunguko wa tairi unaongezeka kwa asilimia 5 hivi. Mshale wa 80 unakuwa karibu 84 barabarani. Wengi wameinua magari namna hiyo na hawajawahi kufikiria spidomita. Jipime: barabara tupu, abiria ashike simu yenye GPS, wewe shikilia mshale mahali pamoja kwa kilomita moja au mbili, abiria asome. GPS inakubalika kwa spidi tulivu kwenye barabara iliyonyooka. Usiiamini ukiwa unakata kona au unakanyaga breki.

Madereva wa mabasi mna kitu bora zaidi. Mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ule wa VTS, unarekodi spidi na mahali pamoja na saa. Mwambie mmiliki wako atoe kumbukumbu ya dakika ile. Ikipingana na tochi kwa kilomita 15, una jambo la kusimamia. Ikiafikiana nayo, umeokoa nauli ya kwenda mahakamani.

Mwenye kamera ya dashibodi anaweza kutumia njia ambayo watengenezaji wa kamera wenyewe waliitumia. Kamera za Gatso, zilizotokana na kazi ya Maurice Gatsonides, dereva wa mbio wa Uholanzi aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953, hupima kwa rada, kisha hupiga picha mbili zilizoachana nusu sekunde juu ya mistari iliyochorwa barabarani. Uingereza waliiweka mistari hiyo kila futi 5. Gari likivuka mistari 9 kati ya picha mbili, limekwenda mita 13.7 kwa nusu sekunde, sawa na kilomita 99 kwa saa. Rada ikisema 99 na mistari ikisema 99, hakuna cha kubishana. Zikipishana, faini inafutwa. Wewe huna mistari, lakini una nguzo za umeme. Pima umbali kati ya nguzo mbili kwa futi kamba, tazama kwenye video umezipita kwa sekunde ngapi, gawanya, zidisha kwa 3.6.

Hatua ya 6: Uliza habari za kifaa

Mwongozo wa shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML R 91, unakubali rada barabarani ikosee kilomita 3 kwa saa chini ya spidi 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Kumbuka namba hiyo. Ukiandikiwa 52 kwenye eneo la 50, uko ndani ya kosa linalojulikana la kifaa, na una haki ya kusema hivyo. Ukiandikiwa 67, kilomita 3 hazikuokoi.

Maswali ya kuuliza ni machache: kifaa kilihakikiwa na kusawazishwa lini, kuna cheti, mwendeshaji amefundishwa kukitumia, na asubuhi ile kilijaribiwa? Leza hujaribiwa kila zamu kwa kupima umbali uliokwisha kupimwa kwa mkono, na kwa kuhakikisha darubini na mwali vinatazama sehemu moja. Darubini iliyogongwa ikapinda kidogo inaweka msalaba kwenye gari lako huku mwali ukigonga la jirani, na picha haitakuonyesha.

Cheti peke yake hakimalizi mambo. Ujerumani ni nchi yenye masharti makali ya vipimo, lakini mwaka 2021 kifaa cha Leivtec XV3 kilichokuwa kimeidhinishwa na kutumiwa na polisi kiligundulika kutoa vipimo vilivyopita mipaka iliyoruhusiwa. Mtengenezaji mwenyewe aliwaomba polisi waache kukitumia. Waliogundua ni wataalamu waliokagua kesi za madereva waliokataa kulipa kimya kimya, ndipo maabara ya taifa ya vipimo ikathibitisha.

Hatua ya 7: Amua

Ukiona msalaba uko kwako, namba zinasomeka, mahali ni ndani ya kibao na spidi imepita kwa wazi, kubali.  Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Kwa spidi ya 67 gari linasogea karibu mita 19 kila sekunde, na kwa 50 ni mita 14. Tofauti hiyo ya mita tano inatosha mtoto wa shule kuwa amefika upande wa pili au hajafika.

Ukiona kuna shaka ya kweli, sema hukubali kosa na unaomba lipelekwe mahakamani. Ni haki yako, na kuitumia si kumdharau afande. Ila fahamu mahakama haifungwi na faini ile ya papo hapo. Ukipatikana na hatia inaweza kutoza zaidi. Nenda ukiwa na hoja ya picha au ya mahali, si kwa hasira.

Kumalizana pembeni kwa elfu tano usikubali. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa, namba ya TAKUKURU ni 113 bila malipo, na zaidi ya hayo hakuna atakayekagua kipimo kilichonunuliwa. Tochi iliyopinda itaendelea kuwapiga wengine.

Hatua ya 8: Ukifika mbele ya hakimu

Omba upande wa mashtaka ulete picha asili kutoka kwenye kifaa, siyo ile iliyopita WhatsApp. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na kama ukamilifu wake umelindwa. WhatsApp inabana picha na kufuta taarifa zake za ndani. Hoja hiyo haiifuti picha moja kwa moja, lakini inamlazimu aliyeipiga aje kueleza. Akija, muulize uliyoyaandika siku ile: alisimama wapi, umbali ulikuwa mita ngapi, kibao kiko wapi, alikijaribu kifaa saa ngapi. Maswali mafupi, kwa sauti ya kawaida, "Mheshimiwa" mbele ya kila ombi.

Kesi ikiisha, kwa ushindi au kwa malipo, ingia kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi, andika namba za gari na uhakikishe deni limeondoka. Lisipoondoka, peleka nakala ya risiti au ya uamuzi ofisi ya usalama barabarani ya mkoa, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.